Nakala ya Nini?

Mama Magego alikuwa na namna yake ya kutazama kitu asichokiheshimu. Hakukunja uso wala hakusonya. Alikisogeza karibu na pua, akakigeuza upande huu na upande ule, kisha akakirudisha mezani kwa ncha ya kidole kama mtu anayesukuma panya aliyekufa. Wengi katika chama cha wakusanyaji wa sarafu walikuwa wamesukumiwa mali zao namna hiyo, na hakuna aliyesahau.

Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa fundi wa meno bandia. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kliniki ya daktari wa meno, kina harufu ya nta na plasta mbichi, taa ya gesi mezani, na mashine ya kung'arishia iliyolia kama mbu mwenye hasira. Taya za plasta zilijaa rafuni zikimchekea kutwa. Wagonjwa hawakumwona. Walimwona daktari, wakamshukuru daktari, wakaenda zao wakitafuna nyama kwa kazi ya mikono yake. Hilo halikumkata maini. Alimdharau daktari kwa moyo mkunjufu kabisa, na kila asubuhi walikunywa chai pamoja.

Mambo ya sarafu yalimwingia kwa njia ya meno. Mzee mmoja alileta sarafu ya dhahabu aliyorithi, akataka iyeyushwe apate jino la mbele. Mama Magego aliipima mkononi, akaikwaruza ukingoni kwa tupa, akacheka.

"Baba, hii ukiitia mdomoni itakuwa ya kijani hujamaliza hata kumsalimia mtu."

Mzee alikasirika. Baba yake aliinunua kwa mtu mwaminifu, alisema, mtu wa kuaminika kabisa. Akaondoka nayo, kifua mbele, akaenda kutafuta fundi asiye na mdomo mchafu. Lakini Mama Magego alibaki akiifikiria ile sarafu. Kuna mtu alikaa akatengeneza kalibu ya plasta, akayeyusha chuma, akakimimina, akasugua mshono wa ukingoni. Kazi ileile anayoifanya yeye kila siku! Na alivyoilipua! Povu limejaa kwenye nywele za mfalme, mshono umesuguliwa nusu. Kilichomuudhi si wizi. Ni uvivu.

Basi akaanza kuwasaka wavivu. Chama kilikutana Jumapili alasiri katika chumba cha ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwenye viti vya plastiki na feni iliyozunguka kwa kusitasita. Mwenyekiti alikuwa mkaguzi wa mifugo mstaafu, mtu mnene wa sauti, aliyeihutubia kila sarafu kama vile alikuwepo siku ilipozaliwa. Mwanachama akileta kitu kipya, Mwenyekiti alieleza historia yake mpaka watu wakapiga miayo, halafu kitu kikapitishwa kwa Mama Magego.

"Hiki kimemiminwa," angesema. "Sarafu halisi hupigwa kwa mashine, haimiminwi kama uji. Unaona hivi vitobo? Ni povu. Na aliyemimina alikuwa na haraka ya kwenda mahali."

Akakisukuma kwa kidole. Mwenye mali akaiva masikio. Mwenyekiti akakohoa na kusema kwamba hata yeye alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo, uongo mtupu, maana dakika moja kabla alikuwa ametaja mpaka jina la farasi wa mfalme.

Wenye kutengeneza sarafu bandia Mama Magego aliwaweka chini ya viroboto. Kiroboto, alisema, angalau anakunyonya wewe peke yako. Mtu wa bandia anamwibia sura aliyeichonga ya kweli, anamwibia anayeinunua, kisha anawatia wasiwasi hata wenye za halali.

Alipochoka kuzikosoa kazi za wengine, alianza kutengeneza zake. Hakunakili kitu chochote. Alichonga kwenye nta ndege ambaye hayupo duniani, mwenye shingo ndefu na mkia wa nyuzi tatu, akigeuka nyuma kama aliyeitwa. Upande wa pili aliweka thamani na mwaka, mwaka ambao hakuna kiwanda kilichotoa sarafu ya namna hiyo. Jina la nchi hakuweka. Akazimimina kwa fedha safi, polepole, bila povu hata moja. Zikatoka nzuri mpaka daktari aliacha mgonjwa kinywa wazi akaja kutazama.

Wakusanyaji wana jina la vitu hivyo: sarafu za kubuni. Ni sarafu ambazo hakuna serikali iliyowahi kuzitoa, za wafalme ambao hawakutawala na miaka ambayo hazikuwahi kutolewa. Wapo wanaozipenda, wapo wanaozitemea mate. Mwenyekiti alikuwa wa kundi la pili, hasa kwa kuwa hakuwa na la kuhutubia juu yake.

"Ni nzuri," alisema Jumapili alipoziona, kwa sauti ya mtu anayekubali kwamba mbuzi wa jirani kanenepa. "Lakini chama lazima kiwe na utaratibu. Mama, napendekeza uzitie alama. Neno 'nakala', kwa herufi ndogo."

"Nakala ya nini?"

"Ya... nakala tu. Ieleweke kwamba si halisi."

"Mwenyekiti, nakala ni lazima iwe na asili yake. Nionyeshe asili ya ndege huyu nami nitaandika nakala mpaka kwenye makucha."

Watu walicheka. Mwenyekiti akajifuta jasho. Akapendekeza basi herufi moja tu, K ya kubuni, pale ukingoni. Mama Magego alikataa hata hiyo. Alisema kumtia ndege yule alama ni kumtoboa jicho. Alisema alama ni ya watu wanaoona haya kwa kazi yao.

Mkunga, ambaye ndege hakuwa amemfikia bado, ndiye aliyeinua mkono. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mpole wa kukaa karibu na dirisha, ambaye hakukusanya chochote ila sarafu za picha za wanyama, hata zile zisizo na thamani, kwa kuwa tu aliwapenda wale wanyama.

"Dada, mimi nauliza tu. Wewe utamwambia mnunuzi ukweli. Na ikishatoka mikononi mwako?"

"Ikishatoka mikononi mwangu si yangu tena," alijibu Mama Magego. "Wewe umezalisha nusu ya mtaa huu, na humo wezi hawakosekani. Kuna hata mmoja uliyemtia alama?"

Chumba kilivunjika kwa kicheko. Mkunga naye alitabasamu kidogo, akashusha mkono. Mama Magego alirudi nyumbani siku hiyo akijisikia mrefu.

Mnunuzi wake mkubwa alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Huyu naye Mama Magego alimdharau, lakini kwa namna ya kifamilia, kama unavyodharau kiti kibovu ambacho bado unakikalia. Shemeji aliuza vitu vya kale: saa za ukutani, redio za mbao, stempu, vijiko. Alinukia marashi kuanzia mlangoni na alikuwa na ulimi wa kumpaka mtu mafuta mpaka akateleza. Meno yake matatu ya mbele yaling'oka kwenye ajali ya baiskeli, na Mama Magego alimtengenezea mengine bila malipo, kwa ajili ya mdogo wake. Yalikuwa kazi safi. Shemeji alitabasamu nayo tangu asubuhi hadi jioni.

Alikuja kuzichukua zile sarafu za ndege kila zilipotoka. "Shemeji, watu wanazipenda," alisema. "Wanazipenda mno." Mama Magego hakuuliza watu gani. Hakuuliza wanaambiwa nini. Mambo ya dukani kwa shemeji yalikuwa chini yake.

Ikafika Jumapili moja. Mkunga aliingia akiwa amevaa nguo nzuri kuliko siku zote. Akasubiri zamu yake, akatoa mkobani kikopo cha dawa kilichojaa pamba, na katikati ya pamba akatoa sarafu. Ilikuwa imekolea weusi kama kitu kilichokaa karne nzima gizani, mbawa zimelika, ukingo umechakaa. Akasema amekuwa akiitafuta sarafu kama hiyo maisha yake yote bila kujua kwamba anaitafuta. Ilikutwa ndani ya ukuta wa nyumba ya kale iliyokuwa ikibomolewa, alisema. Ilikuwa ya majaribio, ya kiwanda kilichoungua kabla hawajafikia kuandika jina la nchi. Hazikubaki zaidi ya chache duniani. Aliuza friji yake na kitanda cha wageni ili aipate.

Mwenyekiti aliipokea kwa viganja viwili. Na akaanza. Aliueleza ule moto, akaueleza ule ukuta, akaeleza mtindo wa ndege katika sarafu za majaribio za enzi hizo, jinsi mafundi wa wakati ule walivyopenda kugeuza shingo nyuma. Miezi michache tu iliyopita alikuwa amemshika ndege huyohuyo akiwa mweupe na safi, akataka atiwe alama! Sasa, kwa kuwa amepakwa weusi na amezungushiwa hadithi, hakumtambua.

Mama Magego alikuwa amemjua tangu anatoka kwenye pamba. Uzi wa tatu wa mkia ulikuwa na kikwaruzo, pale kisu chake kilipoteleza kwenye nta. Na jambo la kwanza lililompata, inafaa lisemwe kama lilivyokuwa, halikuwa huruma wala hasira. Ilikuwa raha. Aliegemea kiti akamwacha Mwenyekiti aendelee kujichimbia shimo, akayatazama macho yale yote yaliyokodoka, wataalamu wazima wamepigwa changa la macho, akaona kwamba hajawahi kufurahi hivyo ndani ya chumba kile. Alimsubiri mpaka amalize. Ndipo akasema:

"Huyo ni wangu."

Akainyooshea kidole sarafu ile.

"Ni ndege wangu. Mnamjua wote, nimewaletea hapa hapa. Mtazameni mkia. Amepikwa tu."

Alitarajia kicheko. Alitarajia uso wa Mwenyekiti uporomoke, na kweli uliporomoka, lakini hakuna aliyekuwa akiutazama. Wote walikuwa wakimtazama Mkunga. Yule mama alinyoosha mkono, akairudisha sarafu kwenye pamba taratibu kama anayelaza mtoto, akafunga kikopo.

"Kwa hiyo ulikuwa umekaa hapo," alisema, "ukamwacha Mwenyekiti aseme yote yale, nami nikifurahi."

"Nilitaka..."

"Najua ulichotaka. Nilikuona usoni." Akasimama. "Aliyeniuzia ni shemeji yako. Ulijua anawaambia watu nini?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza." Mkunga alilirudia neno lile bila ukali wowote, kama mtu anayeangalia homa ya mgonjwa. "Mtoto ninayemzalisha anazaliwa na mdomo wake, dada. Akikua akiiba, amejiamulia. Hii haina mdomo. Ulitakiwa uisemee wewe."

Akatoka. Hatua zake zikasikika ngazini, polepole, kwa sababu ya magoti. Mwenyekiti, aliyekuwa amepata pumzi, alitangaza kwamba kwa maoni yake hii sasa ni bandia mia kwa mia na mtengenezaji wake ni mtu wa bandia. Mama Magego akaokota mkoba wake, naye akashuka ngazi.

Kesho yake alikwenda dukani kwa shemeji. Mdogo wake alikuwa kaunta akifuta vumbi kwenye saa, na shemeji mwenyewe akampokea mlangoni.

"Shemeji! Karibu, karibu. Leo umetukumbuka!"

"Ulimwambia nini Mkunga?"

"Mkunga yupi? Ah, yule mama mpole. Nilimwambia inasemekana imetoka kwenye kiwanda kilichoungua."

"Inasemekana na nani?"

"Na mimi. Nilisema, basi ikasemekana." Akatabasamu. "Sikudanganya hata neno moja."

"Na ule weusi?"

"Kiini cha yai kwenye kopo, siku chache, halafu majivu kidogo. Si wewe uliyetueleza mezani, nyumbani kwako, kwa nini kijiko cha fedha huwa cheusi ukilia yai? Mimi nikakaa nikakusikiliza. Watu hawakusikilizi, shemeji, lakini mimi nakusikiliza."

"Wewe ni mtu wa bandia. Kiroboto."

"Bandia ya nini?" Shemeji alifungua mikono yake yenye marashi. "Nionyeshe asili yake!"

Mama Magego alisimama katikati ya zile redio za mbao. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, yakitoka kati ya meno aliyoyatengeneza mwenyewe. Aliyatazama meno yale. Hata tabasamu alilomlaghaia yule mama lilikuwa kazi ya mikono yake, safi, bila povu. Lakini meno yale angalau mwenye mdomo alijua ni ya bandia. Hakuna aliyempa akamwambia yameota upya.

"Na tusifichane," shemeji aliendelea, sasa bila tabasamu. "Ungezitia ile alama yao, ningemuuzia nani? Ulijua. Mwanamke mwenye akili kama zako, hukujua? Hukutaka kujua, kwa sababu ulitaka zitoke, zizagae, watu wazishangae. Basi zimetoka. Mimi ndiye niliyekuzagazia."

"Utamrudishia pesa zake."

"Pesa zimo kwenye bati za nyumba. Panda juu ukazibandue."

"Dada," alisema mdogo wake akiwa bado ameshika kitambaa, "usituvunjie nyumba kwa ajili ya ndege."

Alimtazama mdogo wake, akamtazama mume wake, na dharau yote aliyokuwa nayo, ambayo haikuwahi kumwangusha, sasa haikumfaa kitu. Maana haikuwa na mahali pa kwenda. Kila alipotaka kuielekeza ilimrudia. Akatoka bila kuaga.

Alikuwa na sarafu zake halisi, chache, alizozikusanya kwa miaka. Aliziuza zote, na mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kuzinunua kwa mara moja alikuwa Mwenyekiti. Mwenyekiti alijinunulia kwa bei ya kutupa, akifurahi waziwazi, akimhutubia juu ya kila moja kana kwamba mama mwenyewe hakuwa amekaa nazo nyumbani. Mama Magego alivumilia mpaka ya mwisho. Kisha akazipeleka zile pesa kwa Mkunga.

Nyumba ilikuwa safi sana. Jikoni, pale friji ilipokuwa, palibaki alama ya mraba sakafuni, na juu yake Mkunga alikuwa ameweka ndoo ya maji. Alizipokea pesa, akazitia mfukoni bila kuzihesabu, akaenda kukileta kile kikopo.

"Chukua ndege wako."

"Baki naye, dada. Bure. Nitamsafisha weusi, nitamtia alama ya wazi kabisa, na..."

"Unajua," alisema Mkunga, "mimi nilimpenda kabla sijaambiwa ni wa zamani. Siku ile ya mkutano hakunifikia dirishani; nilimwona kwenye kioo cha duka, hivi anavyogeuka. Ungeniambia wewe, 'mama, nimemtengeneza juzi, bei yake hii', ningemnunua. Ningemnunua na ningewaonyesha watu."

"Basi mchukue sasa."

"Sasa simtaki. Sasa nikimtazama naiona friji."

Hakumkaribisha kuketi. Hata kwenye mikutano ya chama hakurudi tena, na kiti cha dirishani kikachukuliwa na mtu wa stempu aliyekuwa akisinzia.

Mama Magego yeye alirudi. Wengine walidhani hatathubutu, naye hakuwa mtu wa kuwapa furaha hiyo. Alisimama mbele yao, akasema kila sarafu yake ya kubuni itakuwa na herufi K tangu siku ile, si ukingoni bali usoni, chini ya mguu wa ndege, pale ambapo mtu akiisugua aitoe itambidi autoe na mguu. Akasema waliokwisha kununua walete, atazitia bure. Hakuomba radhi kwa chama, kwa sababu chama hakukiona kama mahali pa kuombea radhi. Mwenyekiti alilipokea tamko lile kama ushindi wake. Alihutubia juu ya uadilifu mpaka feni ikasimama.

Waliozileta walikuwa wachache. Wengi walizikalia, na Mama Magego alijua kwa nini, maana sasa zile zisizo na alama ndizo zilizokuwa adimu.

Wiki chache baadaye mlango wa nyuma wa chumba cha kazi uligongwa. Alikuwa Mwenyekiti, amevaa kofia, anatazama nyuma kama mwizi wa kuku. Aliingia, akazisalimia taya rafuni kabla ya kumsalimia mwenyeji.

"Mama, nimepita tu."

"Umepita kwa nyuma."

"Nina ombi dogo." Aliteremsha sauti yake nene mpaka ikawa kama ya mgonjwa. "Nilikuwa nataka mmoja. Ndege. Yule wa... wa mwanzo. Asiye na herufi."

Mama Magego aliacha kisu chake mezani.

"Wewe."

"Ni kwa ajili yangu binafsi! Siuzi, wala simwonyeshi mtu. Nataka tu niwe naye. Ile K, mama, tuseme ukweli, inamharibu."

Alimtazama mzee yule mnene na kofia yake. Zamani angemsukuma kwa maneno mpaka angedondoka barabarani, na angeisimulia hadithi hiyo mwaka mzima. Dharau ilikuwepo, tele, ya moto. Lakini hakuna alilotaka kumwambia ambalo yeye mwenyewe hakuwa amelisema, tena kwa sauti kubwa na mbele za watu.

"Na ukifa?" alimwuliza.

"Nikifa?"

"Ukifa, atakwenda kwa nani, na ataambiwa ni nini?"

Mwenyekiti alifikiri, kwa dhati kabisa. "Hilo," alisema, "litakuwa jambo la wanangu."

Mama Magego alivuta droo, akatoa ndege mweupe mwenye K chini ya mguu, akamwekea mbele. Mwenyekiti alimgeuzageuza, akaifunika herufi kwa dole gumba kuona angekuwaje bila hiyo, akahema. Akamrudisha. Alitoka kwa mlango uleule wa nyuma, akasahau hata kuaga.

Bado ilikuwapo ile kalibu ya kwanza, ambayo K haikuwamo. Mama Magego aliitoa chini ya meza, akaiweka juu ya chuma, akaipiga nyundo. Haikuvunjika vizuri. Ilimbidi aipige tena na tena, vipande vikiruka mpaka kwenye kikombe chake cha chai, na daktari akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna usalama.

"Upo," alisema. "Nenda kaendelee kushukuriwa."

Akapangusa meza, akawasha gesi. Kulikuwa na mhubiri aliyekuwa akisubiri meno ya juu ili aweze kuhubiri Jumapili, naye alikuwa ameleta picha yake ya ujanani, akiomba yatengenezwe yafanane na yale aliyozaliwa nayo, waumini wasijue.